Godoro bovu, TV ya chogo, friji mbovu na taa za tyubu: kwa nini gari la taka halivibebi, na viende wapi?

MkaziSinza
Wakuu, salaam.
Naomba kuelimishwa juu ya jambo ambalo naamini halinisumbui peke yangu. Mtaani kwetu gari la taka hupita kila wiki na ada ya mwezi hulipwa bila mgogoro mkubwa. Viroba vya maganda ya ndizi, majani na mabaki ya chakula huchukuliwa vizuri kabisa. Lakini ukitoa nje godoro lililochakaa, televisheni ya chogo, friji iliyokufa au hata katoni ya taa za tyubu zilizoungua, vijana wa gari huvitazama, hudandia gari lao na kuondoka. Nilipomuuliza msimamizi wao, alinijibu kwamba hizo si taka, hizo ni mali. Basi mali hiyo imejaa kibarazani kwangu tangu mfungo uliopita.
Dai langu ni hili: mkandarasi analipwa kwa kaya, halipwi kwa kilo wala kwa aina ya taka, kwa hiyo chochote kinachotoka ndani ya kaya ni wajibu wake. Kama nimekosa, nielezwe kinachomzuia ni nini: sheria, ukubwa wa gari, au biashara tu?

KirikuuTatu
Mleta mada, jibu ni nafasi. Nimewahi kupakia magari hayo kabla sijanunua kirikuu changu, kwa hiyo nazungumza jambo ninalolijua. Chukua godoro la futi tano kwa sita lenye unene wa inchi nane: linakula zaidi ya nusu mita ya ujazo, ilhali uzito wake ni kilo kumi na kitu tu. Nafasi hiyo hiyo ukiijaza taka za jikoni zenye maji maji utapata zaidi ya kilo mia moja na hamsini, yaani taka za kaya nyingi ambazo zote zinamsubiri mkandarasi na zote zinalipa ada. Sasa kumbuka kwamba dampo tunalotegemea jiji zima ni Pugu Kinyamwezi. Gari linalotoka Bunju au Mbweni linavuka jiji lote, likiwa na foleni na dizeli yake, ili kwenda kumwaga. Magodoro matatu yakipanda, mtaa mzima wa nyuma unabaki na viroba vyake, na siku ya pili mwenyekiti wa serikali ya mtaa anapigiwa simu za matusi.
Hakuna njama hapo, mkuu. Ni hesabu ya safari.

MtotoWaGerezani
KirikuuTatu, maelezo yako ni mazuri, ila yanaishia kwenye godoro. Friji ni kubwa na nzito kuliko godoro, na bado ukiiweka nje ya geti usiku haifiki alfajiri. Kinachoamua ni bei. Friji ina kompresa, na ndani ya kompresa mna koili ya shaba. Ina mabomba ya shaba au ya aluminiamu, na ina bati. Wapita njia wa vyuma chakavu wanaijua thamani yake kuliko mwenye nyumba. Godoro la sponji halina hata gramu moja ya kitu kinachopimwa kwenye mizani, ndiyo maana halina mwenyewe. Gari la taka linaacha vyote viwili kwa sababu tofauti: friji linaiacha kwa kuwa inawahusu watu wengine, godoro linaliacha kwa kuwa halimhusu mtu yeyote.
Na wewe mleta mada, friji yako imedumu kibarazani kwa sababu iko ndani ya geti. Ifungulie geti usiku mmoja tu, kisha uje utupe mrejesho.

MamaWawili
Mimi friji yangu nilikataa kuwauzia hao wapita njia kwa hofu, kwa sababu nilielezwa kwamba friji zote zina gesi inayotoboa tabaka la ozoni na kwamba wao huikata bomba papo hapo barabarani. Je, ni kweli, au nilijinyima fedha bure?

FundiBaridi
Dada yangu MamaWawili, umeelezwa nusu. Si friji zote. Friji za zamani, hasa zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990, zilitumia gesi ya R-12, na hiyo ndiyo inayoharibu ozoni. Ni miongoni mwa gesi zilizolengwa na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, yaani mkataba wa kimataifa wa kulinda ozoni. Baada yake ilikuja R-134a, ambayo haigusi ozoni kabisa, lakini ikiachiwa hewani inaongeza joto la dunia zaidi ya mara elfu moja kuliko hewa ya ukaa ya uzito ule ule. Friji nyingi mpya zinatumia R-600a, ambayo haina madhara makubwa kwa anga lakini inashika moto kama gesi ya jikoni, kwa kuwa ni ya ukoo huo huo. Soma kibandiko kilichopo kwenye kompresa au nyuma ya friji, utaona aina yake imeandikwa.
Kuhusu kukata bomba papo hapo, hilo ni kweli, nami nimelishuhudia mara nyingi. Fundi aliyefundishwa anatakiwa kuivuta gesi na kuihifadhi kwenye mtungi, lakini mashine ya kuvutia gesi ni ghali na hakuna mteja anayekubali kulipia gesi ya friji iliyokufa. Mkata vyuma naye hana habari. Anachotaka ni kompresa, basi anakata, gesi inapiga mluzi, kazi imekwisha. Jambo ambalo watu hulisahau ni povu lililomo ndani ya kuta za friji. Katika friji za zamani povu hilo lilitengenezwa kwa gesi ya jamii ile ile, na mkataji huling'oa na kulitupa mtaroni au kulichoma.

KirikuuTatu
FundiBaridi, kwa hiyo friji inayoondoka usiku kwa mujibu wa MtotoWaGerezani haiendi kurejelezwa, inakwenda kuchinjwa. Tofauti iwekwe wazi, isije ikaonekana kwamba soko limetatua tatizo.

MtotoWaGerezani
Nilisema inaondoka. Sikusema inakwenda peponi.

MzeeWaKijiweni
Nimefuatilia kwa makini. Upande wa televisheni, tatizo lilianza mwaka 2015 matangazo ya analojia yalipozimwa. Watu walikimbilia flati, na zile zenye chogo zikahamia kwa mafundi, kisha kwenye mabanda ya kuku. Jirani yangu mmoja ametoa kioo na mashine yote, akabakiza kasha, na kuku wake wanataga humo vizuri tu. Kama kuna urejelezaji wa kweli katika uzi huu, ni huo.

WakiliWaMtaa
Mzee wangu, shikamoo. Mwaka 2015 ni wa Kenya. Hapa kwetu uzimaji ulianzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kisha mikoa mingine ikafuata kwa awamu. Wala uzimaji peke yake haukuiua TV ya chogo, kwa sababu king'amuzi kilifanya kazi nayo bila tatizo. Kilichoiua ni kushuka kwa bei ya flati.
Swali langu kwa mzee ni moja: jirani yako alikipeleka wapi kile kioo?

MzeeWaKijiweni
Marahaba, wakili. Kioo kiko nyuma ya banda.

FundiBaridi
Basi kiko mahali pabaya. Kioo cha nyuma cha TV ya chogo, kile chenye umbo la faneli, kina oksidi ya risasi inayozidi asilimia 20 ya uzito wake, na iliwekwa humo ili kuzuia miali ya eksirei isimfikie mtazamaji. Kikiwa kizima hakina shida kubwa. Shida huanza kikivunjwa na vumbi lake kuchanganyika na udongo ambao kuku wanaudonoa na watoto wanauchezea. Wanunuzi wa vyuma huvunja shingo ya kioo hicho kwa nyundo ili wapate koili ya shaba iliyoizunguka, kisha hukiacha hapo hapo. Hili linaunga mkono hoja ya bei: shaba inaondoka, risasi iliyomo kwenye kioo inabaki, kwa kuwa hakuna wa karibu anayeweza kuitoa na kuiuza.

NgamboHamburg
Salaam kutoka Hamburg, mji ambao ni ndugu wa Dar es Salaam tangu mwaka 2010, kwa hiyo nina haki ya kuingilia mazungumzo.
Huku mkazi akiwa na godoro, kabati au sofa, ana njia mbili. Ya kwanza ni kulipia na kupangiwa siku ya kuchukuliwa nyumbani. Ya pili ni kupeleka mwenyewe kwenye vituo vya kukusanyia vilivyotapakaa mjini. Shirika la usafi la jiji lina duka lake kubwa linaloitwa Stilbruch, lililoanzishwa mwaka 2001, na humo vitu vilivyokusanywa ambavyo bado vinafaa huuzwa tena kwa bei nafuu. Meza ninayoandikia ilitoka huko. Kwa vifaa vya umeme, duka lenye eneo la mauzo la kuanzia mita za mraba 400 linawajibika kupokea kifaa chako cha zamani unaponunua kipya cha aina hiyo, na vifaa vidogo, visivyozidi sentimita 25, hupokelewa hata kama hujanunua kitu. Tangu Julai 2022 hata maduka makubwa ya vyakula yanayouza vifaa vya umeme yaliingizwa katika wajibu huo. Betri ya gari ndiyo inayonifurahisha zaidi: ukinunua mpya bila kurudisha ya zamani, unaacha amana ya yuro 7.50, nayo unairudishiwa ukileta ile mbovu.
Kwa hiyo kwa MkaziSinza nasema hivi: dai lako kwamba mkandarasi alipwaye kwa kaya achukue kila kitu halifuatwi hata huku. Mzigo umegawanywa kati ya mkazi, jiji na muuzaji.

MamaWawili
Ahsante sana kaka. Hiyo ya muuzaji kupokea cha zamani imenigusa. Mbona hapa kwetu muuza betri za magari huchukua betri ya zamani na kukupunguzia bei, na hakuna sheria iliyomlazimisha?

MtotoWaGerezani
Kwa sababu zaidi ya nusu ya uzito wa betri hiyo ni risasi, na risasi ina mnunuzi. Tunarudi pale pale. Hakuna muuza magodoro anayeomba arudishiwe godoro.

FundiSofa_Keko
Hapo naomba kupinga, kwa sababu mimi nanunua. Sponji kuukuu huchambuliwa, hukatwa chenga, na chenga hizo hujaza mito, viti na makochi ya bei ya chini. Wenye viwanda nao hukusanya vipande vya sponji, huvigandisha kwa gundi na kuvikandamiza, na hicho ndicho kinachotoa yale magodoro magumu yenye madoadoa ya rangi nyingi. Kwa hiyo si kweli kwamba sponji haina mwenyewe. Kinachonikwamisha ni hali ya godoro lenyewe: likinyeshewa mvua barabarani au likiwa na kunguni, siwezi kuliingiza kwenye karakana, kwa sababu nitaharibu kazi ya wateja wengine. Mkazi hulitoa nje likiwa kavu, hulitazama kwa wiki mbili likilowa, kisha hulalamika kwamba halina soko.
Godoro la springi ndilo ninalolikataa moja kwa moja. Ili kupata waya wake inabidi kuchana kitambaa chote kwa mkono, na vijana wasio na subira hulichoma moto wakasubiri chuma kibaki. Moshi wake mmeshaunusa wote.

KirikuuTatu
Fundi, unanunua magodoro mangapi kwa mwezi? Na usafiri ni wa nani?

FundiSofa_Keko
Ninayopata kwa wateja wa karibu, na usafiri ni wa mwenye godoro. Bei ya sponji kuukuu hailipi hata guta la kutoka Sinza hadi Keko.

KirikuuTatu
Basi tumeelewana. Nafasi na umbali.

BintiUnguja
Wapendwa, nyinyi mna bara. Sisi kila kitu kinafika kwa meli na hakuna kinachorudi kwa meli isipokuwa vyuma chakavu, ambavyo huvushwa kuja kwenu. Godoro la hoteli, kiyoyozi na televisheni za vyumba vya wageni, vyote mwisho wake ni dampo la Kibele au ni uchochoroni. Hoteli zikibadilisha vifaa kwa mkupuo, vitu hugawiwa kwanza kwa wafanyakazi, na mfanyakazi hufurahi mwaka mmoja kabla naye hajaingia katika swali hili la mleta mada. Kwa hiyo mimi naongeza sababu ya tatu: hatutupi kwa wakati. Kitu kinapitia mikono mitatu au minne, na anayekishika mwishoni ndiye mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kulipia kutupwa kwake.

WakiliWaMtaa
Hoja ya BintiUnguja ni nzito, na nitairudia hapa chini. Kwanza nijibu upande wa sheria, kwa kuwa mleta mada aliuliza.
Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake zipo kanuni za mwaka 2021 zinazohusu taka za vifaa vya umeme na kielektroniki. Anayekusanya, kusafirisha au kuchakata taka hizo anatakiwa kuwa na kibali kwa kazi hiyo. Mkandarasi wa taka za kawaida mtaani hana kibali cha namna hiyo, kwa hiyo kwa TV, friji na taa za tyubu anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba si kazi yake. Hata hivyo godoro si kifaa cha umeme, na kanuni hizo hazimkatazi kulibeba. Sheria basi inaeleza nusu ya kibaraza cha MkaziSinza.
Kuna mtu aliwahi kuandika katika jukwaa hili kwamba mkazi wa kawaida hawezi kuishtaki mamlaka kwa ajili ya taka. Anaweza. Wakazi wa Tabata waliifungulia Halmashauri ya Jiji kesi namba 299 ya mwaka 1988, wakilalamikia moshi, harufu na nzi wa dampo lililokuwa katikati ya makazi yao, na Mahakama Kuu iliamuru utupaji ukome. Halmashauri ilipoomba kuongezewa muda, Jaji Lugakingira alikataa, akieleza kwamba kuhatarisha maisha ya watu kwa uchafuzi kunagongana na ibara ya 14 ya Katiba, inayolinda haki ya kuishi. Taka zikahamia Kunduchi Mtongani, kisha Vingunguti, baadaye Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi.

MkaziSinza
Nashukuru kwa elimu. Lakini wakili, kesi hiyo ilihamisha taka kutoka kwa wakazi hawa kwenda kwa wakazi wale. Haikumjibu mtu mwenye friji.

WakiliWaMtaa
Ni sahihi, na wakazi wa Kunduchi Mtongani nao walikwenda mahakamani.

MwanaMvita
Hamjambo. Nachangia kutoka Mombasa, na nalenga betri, kwa kuwa naona zimetajwa kana kwamba zenyewe hazina tatizo kwa sababu zina bei. Mimi nitawaambia tatizo la kitu chenye bei. Mtaa wa Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, uliwekewa kiwanda cha kuyeyusha betri za magari ukutani mwa nyumba za watu. Betri zilikusanywa vizuri, hakuna iliyobaki barabarani, na soko lilifanya kazi yake yote mnayoisifu. Matokeo yake yakawa watoto na wazazi wenye risasi katika damu. Phyllis Omido, ambaye aliwahi kufanya kazi katika kiwanda hicho na mtoto wake mwenyewe akadhurika, aliongoza madai hayo na akapewa Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, Mahakama ya Rufani ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.
Kwa hiyo swali la nani anachukua linatosheleza robo tu. Swali ni anakwenda kukifanyia nini, na ukuta wa nyumba ya nani uko jirani.

FundiBaridi
Umesema kweli, ndugu. Ila wasomaji wasichanganye: hizo ni betri za magari na zile kubwa za sola. Betri ndogo za rimoti na tochi hazitengenezwi kwa risasi. Nyingi ni za zinki na manganizi. Za simu na kompyuta mpakato ni za lithiamu, na hatari yake ni moto. Ikivimba usiitoboe, wala usiitumbukize kwenye kiroba cha taka, kwa sababu ikikandamizwa ndani ya gari inaweza kuwaka.

MuuguziMstaafu
Poleni na majukumu. Kuna vitu vidogo ambavyo vinafichwa na mjadala wa magodoro. Kaya yenye mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini hutoa sindano kila siku, na sindano hizo humo humo kwenye kiroba humchoma kijana anayekishika bila glavu. Ziwekwe kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, kama ya sabuni ya maji, na ikijaa ipelekwe kwenye kituo cha afya kinachochoma taka za hospitali. Ulizeni kwanza, kwa sababu baadhi hupokea na wengine husitasita.
Kuhusu taa za tyubu na enejisava, ndani yake mna zebaki kidogo, miligramu chache kwa kila taa. Ikivunjika chumbani, watoto watolewe na madirisha yafunguliwe. Usifagie kwa ufagio mkavu, okota vipande kwa karatasi ngumu na ufute kwa kitambaa kibichi. Taa za LED hazina zebaki. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana mwaka 2023 kwamba utengenezaji na biashara ya taa za floresenti ufikie kikomo mwaka 2027, kwa hiyo zinazokuja kwa ajili ya kutupwa ni hizi zilizokwisha kuwamo majumbani mwetu, pamoja na hilo katoni la mleta mada.

MzeeWaKijiweni
Muuguzi, na godoro alilofia mtu? Mimi naamini wapakiaji hukataa magodoro kwa sababu hiyo. Hakuna anayetaka kubeba kifo cha nyumba asiyoijua.

MuuguziMstaafu
Mzee, pwani godoro la marehemu hutolewa sadaka likiwa bado zuri, na watu huchukua. Wapakiaji niliowahi kuwatibu walilalamikia migongo na vidonda vya mikono. Mizimu hawakuitaja.

KirikuuTatu
Nathibitisha ya mgongo.

MdauKigali
Kwa Rwanda kipo kiwanda cha taka za kielektroniki Bugesera, na vituo vya kupokelea vimewekwa katika wilaya. Simu, kompyuta na TV zinapelekwa huko. Magodoro hapana.

WakiliWaMtaa
Narudi kwa BintiUnguja. Kama anayekishika kitu mwishoni ndiye maskini zaidi, basi kumtoza wakati wa kutupa ni kumwambia akitupe usiku mtaroni. Japani wana sheria iliyoanza kutumika Aprili 2001, ambapo mwenye televisheni, friji, mashine ya kufulia au kiyoyozi hulipia urejelezaji wakati anapokitoa, na hata huko, penye risiti na utaratibu wa kila namna, wapo waliokimbilia kutupa milimani. Mimi nashauri fedha ikatwe mwanzoni, wakati kifaa kinapoingia bandarini au kinaponunuliwa dukani.

MwanaMvita
Wakili, tumeijaribu kwa maneno, ikatuletea moto. Muswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipendekeza ushuru wa mazingira kwa simu, televisheni, betri, matairi, nepi na mengineyo. Wananchi waliona mzigo mwingine, na hasira ya nepi na taulo za kike ilisikika kila kona. Baada ya maandamano ya Juni mwaka huo muswada mzima uliondolewa. Haukuwa ushuru huo peke yake, lakini nao ulichangia. Bado tunayo Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayomtaka mzalishaji awajibike kwa bidhaa yake mpaka inapokuwa taka, ila njia ya kukusanya fedha bila kumtia mlaji hasira ndiyo inayogombaniwa.

MamaWawili
Na hizo friji za mtumba je? Aliyeitumia miaka kumi huko Ulaya hakulipa chochote kwetu; ikifika hapa inatumika miaka mitatu, inakufa mikononi mwangu, kisha mimi ndiye nilipie?

NgamboHamburg
Dada, sheria za Ulaya zinakataza kusafirisha kifaa kilichokufa kwenda nchi kama zetu kwa jina la mtumba. Kinatakiwa kipimwe na kionekane kinafanya kazi, na friji zenye gesi za zamani hazitakiwi kuondoka kabisa. Hata hivyo kontena likiwa limejaa hadi mlangoni, mkaguzi huona safu ya mbele tu. Nami nikiri ukweli wa biashara: wengi tunaopakia tunawasaidia ndugu, na ndugu wenyewe huomba friji, hawaombi cheti cha friji.

MtotoWaGerezani
Tena ikifika mbovu, fundi hapa anaifufua. Friji ambayo Ulaya ingesagwa, hapa inapoza maji ya kuuza kwa miaka mingine. Hilo nalo lihesabiwe kabla hamjafunga bandari.

MamaWawili
Nakubali, lakini halinipi jibu la ulipaji. Basi nipendekeze jambo dogo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi. Kwa nini kila ofisi ya serikali ya mtaa isiwe na kontena moja, watu walete magodoro makavu, TV, taa na betri, kila kimoja na sehemu yake? FundiSofa achukue sponji, wa vyuma wachukue vyuma, na mwenye kibali aitwe kwa ajili ya vifaa vya umeme pale kontena linapojaa. KirikuuTatu atapata safari ya mzigo uliojaa badala ya godoro moja moja.

KirikuuTatu
Kwa mzigo uliojaa, hesabu inakubali. Kwa vifaa vya umeme anayelipa safari ni nani?

FundiSofa_Keko
Kwa sponji kavu nipo, hata nitachangia mafuta.

WakiliWaMtaa
Pendekezo lina sura nzuri, ila mtaa utakuwa umehifadhi taka hatarishi kwenye kiwanja cha umma, nako kunahitaji idhini. Mwenyekiti asianze kabla ya kuuliza halmashauri na NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira.

MtotoWaGerezani
Mimi nauliza la karibu zaidi. Ufunguo wa kontena hilo atakaa nao nani? Zikishaingia kompresa kumi humo ndani, hiyo si taka tena.

MzeeWaKijiweni
Apewe MuuguziMstaafu.

MuuguziMstaafu
Nitaupokea ule wa sanduku la sindano na taa tu. Wa kompresa mpeni mtu mwenye mbwa.